Wawindaji wa Marekani na sheria za kulungu

Wapo wanaodai kwamba wawindaji wa kulungu Marekani wanapinga kila sheria ya uwindaji. Hapana, si kweli. Leseni, msimu maalum na kikomo cha idadi ya wanyama wa kupiga, wengi wao wanavikubali, tena wanavitetea. Ugomvi mkubwa huwa ni juu ya kupiga majike ili kupunguza idadi ya kulungu.

Mfano mzuri ni jimbo la Wisconsin. Kulikuwa na kanuni iliyomtaka mwindaji apige kwanza kulungu asiye na pembe, ndipo aruhusiwe kupiga dume. Kwa kupunguza idadi ilifanya kazi vizuri, maana jike ndiye anayezaa. Lakini hebu fikiria mtu ameketi msituni kwenye baridi kali, dume la pembe kubwa linapita mbele yake, naye hana ruhusa ya kulipiga! Kanuni hiyo ilichukiwa hadi bunge la jimbo likaifuta mwaka 2011.

Chanzo cha mvutano, kwa ninavyofuatilia suala hili, ni kwamba kila upande unaangalia kitu tofauti. Mwindaji anahesabu kulungu anaowaona. Mtaalamu wa misitu anaangalia miche iliyoliwa na kulungu hadi shinani, dalili kwamba wamezidi, na kwangu mimi huo ni ushahidi mzito zaidi.

Ila usiwaweke wawindaji wote kapu moja. Jimbo la Pennsylvania lilipoanza mwaka 2002 kudai dume la kupigwa liwe na angalau ncha tatu kwenye pembe moja (nne katika baadhi ya maeneo ya magharibi), wapo walionung'unika na wapo waliofurahi kwamba madume machanga yatapata nafasi ya kukua.