Muulize Anti: "Niache shule mwaka mmoja nitafute pesa, halafu nirudi?"

Anti habari yako,

Mi ni kijana wa miaka 17, niko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa Kisumu. Tunaishi Obunga na mama na wadogo zangu wawili, baba hayuko. Mama anakaanga mgongo wazi pale kando ya barabara lakini siku hizi hata mifupa ya samaki imepanda bei, anachopata kinaishia kwa unga na nyumba, so ikabidi nitafute kitu. Natoka shule saa kumi, nachota maji, saa kumi na mbili jioni niko kwa bekari moja ndogo upande wa Kondele, kazi ni kufunga mikate na kupanga kwa kreti, siku zingine wananiweka kutoa trei kwa oveni. Namaliza saa tano usiku, analipa 200 na mkate mmoja wenye umeungua. Hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Kurudi natembea kama nusu saa, mvua ikinyesha napanda boda ya 50. Nalala saa sita, naamka saa kumi na moja. Jumapili naenda soko la Kibuye na wilibaro ya kukodi, 50 kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane, siku mzuri napata 600.

Shida ni darasani. Hesabu ndio ya kwanza asubuhi na mi huyo nimelala, mwalimu anasema mi ni mvivu na ameshanitoa nje mara tatu hii temu. Halafu juzi tukafukuzwa pesa ya lanchi nikakaa nyumbani siku tatu, bosi kusikia akaniita mchana pia, akanipa 400 kwa mchana mbali na ile ya usiku, nikaona kumbe. Rafiki yangu wa boda ananiambia niache tu huu mwaka, nipige kazi, niweke kama elfu thelathini, mwakani nirudi kidato cha tatu nikiwa nimetulia bila stresi. Mama hajasema ndio, hajasema la. Anti niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kijana wa Obunga

Nyathina, mwanangu, barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikachemsha chai ndio nikairudia. Umeuliza ukweli basi shika huu kwanza kabla ya mengine yote: ukiacha kidato cha tatu mwaka huu, mwakani hicho kidato cha tatu hakitakuwepo. Simaanishi nafasi yako itachukuliwa, namaanisha darasa lenyewe halitakuwepo. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 ndio nyinyi, na nyuma yenu hakuna mtu wa ule mfumo wa zamani wa 8-4-4 tena, wanaowafuata ni watoto wa mtaala mpya wa CBC ambao wameanza Gredi ya 10 Januari 2026. Mwakani shule itakuwa na kidato cha nne, ambao ni hao wenzako, halafu Gredi ya 11 na ya 10. Wewe utarudi ukalie dawati la nani? KCSE yenu, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni 2027. Yaani matatu ya mwisho ya kwenda kwenu imeshatoka steji, uko ndani, umekaa, halafu unamwambia makanga asimamishe ushuke ununue maji. Huyo rafiki yako wa boda simlaumu, miaka ya nyuma watu walikuwa wanafanya hivyo, anakaa nje mwaka anarudi na wadogo zake. Kwa kundi lenu huo mlango haupo.

Sasa tuje kwa pesa, maana najua ukweli hauliwi na ugali.

Shika kalamu. Usiku unafanya masaa matano kwa 200, hiyo ni bob 40 kwa saa. Siku ya mvua ukitoa boda inabaki 150, sasa ni bob 30 kwa saa. Kibuye siku mzuri unapata 600, toa ya wilibaro inabaki 550, gawa kwa masaa manane, unakaribia 70. Kwa hivyo kazi inayokunyima usingizi, inayokutoa darasani na kukufanya uitwe mvivu, ndiyo hiyo hiyo inayokulipa kidogo kuliko ile nyingine kwa kila saa. Bosi wako anajua hiyo hesabu, ndio maana ulipofukuzwa shule alifurahi kukuita mchana.

Na kuna kitu kingine hajakuambia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakubali mtu wa miaka 16 na 17 aajiriwe, sio makosa wewe kufanya kazi, lakini kwa kazi za kiwanda, na kutengeneza mikate iko humo, mtu chini ya miaka 18 hatakiwi kuwa kazini kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukihesabu, karibu zamu yako yote iko ndani ya masaa yaliyokatazwa. Sikwambii umshtaki kesho asubuhi, najua mkate wenye umeungua pia ni mkate na kuna watoto wawili nyumbani wanausubiri. Nakwambia ndio ukienda kuongea naye usiende kama mtu wa kuomba msamaha. Mwambie hivi: bosi, usiku siwezi tena, shule inanishinda, lakini Jumamosi naweza kuja asubuhi mpaka jioni, nifunge, nioshe trei zote, kwa ile 400 ulinilipa ya mchana. Akikataa, Jumamosi pia Kibuye iko, ingawa si kama Jumapili. Akianza vitisho, au akuzuilie pesa umefanyia kazi, piga 116, ni ya watoto, haikati kredo, na kwa sheria ya nchi hii wewe bado ni mtoto hata kama umeanza kuota ndevu.

Hesabu ya pili sitakuficha. Saa hii kwa wiki unaleta 1,000 ya bekari na kama 550 ya Kibuye, jumla 1,550. Ukibaki na Jumamosi na Jumapili inakuwa 950. Kuna shimo la 600 kila wiki na mimi sina 600 ya kukutumia. Sehemu utaliziba likizo, Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, hapo fanya kazi za mchana vile utaweza. Sehemu nyingine lazima itoke kwa lile deni la shule, na hapo ndio umenishangaza, barua yote ndefu hivi na hujaandika deni ni ngapi. Nashuku hata wewe hujui. Mama aende shule, si wewe, mama, aombe aandikiwe kwa karatasi anadaiwa nini na nini. Serikali imepanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na kwa shule ya kutwa hiyo ndio inatakiwa kubeba masomo. Hizo pesa zinachelewa, zinafika nusu, walimu wakuu wanalia kila temu na wana haki ya kulia, lakini hilo si deni la mama yako. Lake ni lanchi, sare na vitu vya hivyo, na lanchi inaongeleka. Kuna shule huku kwetu zinapokea debe la mahindi au maharagwe badala ya pesa, zingine zinakubali kidogo kidogo kila Ijumaa. Akishapata hiyo karatasi, apite kwa chifu, achukue fomu za basari, ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti, hizo fomu ni za bure, mtu akimwitisha "ya karatasi" aende kwa mwingine. Aende na kopi ya kitambulisho chake na cheti chako cha kuzaliwa. Basari si ya kutegemea sana, inaweza kutoka ndogo, inaweza kutoka temu imeisha, ila wasioomba ndio hawapati kabisa.

Jambo la mwisho ni la mwalimu wa hesabu. Hajui. Mimi nimefundisha miaka mingi kabla nianze kuandika hapa, na nilikuwa na kijana akilala nyuma ya darasa kila siku, nikampigisha magoti, nikamwita majina ambayo sitayaandika, hadi siku moja nikapanda matatu ya alfajiri nikamkuta steji anabeba magunia ya sukuma, saa kumi na moja, na yunifomu imekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni ameiweka juu ya jiwe isilowe. Mpaka leo nikikumbuka hiyo yunifomu naona aibu. Usingoje mwalimu wako akukute Kondele. Mtafute wa darasa, yule wenye mnaelewana, mwambie masaa yako vile umeniandikia mimi, hata umpe hii barua. Huenda atakupa nafasi ya kufanya prepu shuleni mpaka giza liingie, huenda ataongea na yule wa hesabu. Hao wengine kujua shida yako si lazima.

Na Jumatatu, usiku wa kwanza usiposikia harufu ya mikate, saa tatu uwe umelala. Kitabu utafungua alfajiri.

---

Anti,

Mimi ni mama wa watoto wadogo, nauza duka hapa Kakamega. Niko na msichana wa miaka 14, mtoto wa binamu yangu upande wa Butere, ananishikia mtoto na hizi kazi ndogo ndogo za nyumba. Alikuwa amefika Gredi ya 7 akatoka kwa sababu ya shida. Namlisha, namvalisha, na kila mwisho wa mwezi natumia nyanya yake 4,000 kwa simu. Sasa ameanza kuniomba aende shule na jirani pia ananiangalia vibaya kama mtu mbaya na mi najua namsaidia huyu mtoto. Nifanye nini?

Mama Duka, Kakamega

Mama Duka, umemsaidia kula, hapo nakubali. Lakini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka mtoto wako alale, nani anamsaidia nani?

Sitazunguka. Mtoto wa miaka 13 mpaka 16 sheria inamruhusu kazi nyepesi tu ambayo haimzuii kwenda shule, na ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kabisa kumwajiri mtoto kazi inayomweka nje ya darasa. Kumwita mtoto wa binamu hakubadilishi hapo. Na hizo "kazi ndogo ndogo" za kutwa kwa 4,000, mtu mzima hangekubali, iko chini mbali na mshahara wa chini uliowekwa, na unajua, ndio maana hujaandika mtu mzima.

Uzuri ni kwamba shule haiko mbali. Junia sekondari iko ndani ya shule za msingi za umma, angalia ile iko karibu na duka lako. Kwa kuwa alifika Gredi ya 7 lazima alifanya ule mtihani wa Gredi ya 6, mpigie simu mwalimu wa shule yake ya zamani akupe namba yake ya huo mtihani na barua ya kuhama. Kama cheti cha kuzaliwa kimepotea usikae ukikingoja, mpeleke, hicho cheti kifuate. Akitoka jioni aoshe vyombo kama watoto wengine wa nyumba, hakuna mtu atakushika kwa hiyo, bora saa mbili awe na kitabu.

Mtoto wako mdogo tafutia dei kea au mama mzima wa mchana, ndio, itakugharimu, hiyo ndiyo bei ambayo huyu msichana amekuwa akikulipia. Na ile ya nyanya usiikate mwezi huu. Mpigie kwanza, muelewane, maana pengine ndiyo anayonunulia dawa.