Dada, usitume hiyo advansi kabla hujampima mtoto

Dada mleta uzi, hiyo laki na nusu unayotaka kuituma kesho asubuhi iache hapo hapo ilipo kwenye simu yako. Uzi wako nimeusoma nikiwa kwenye daladala. Umeuliza mengi: wapi Dar kuna nguo kali za watoto wa kiume, rangi gani zinawatoa, viatu je, na laki tatu itatoshaje kwa wa miaka 5 na wa miaka 2 kwenye harusi ya mdogo wako Desemba huko Moshi. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja kitu kidogo, ukaandika kwamba kuna dada wa mtandaoni anaagiza suti za vipande vitatu kutoka China, na amekuambia "nitajie umri wao tu, mengine niachie mimi". Hapo ndipo nilipopitiliza kituo.

Nitajie umri tu! Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Yalinila laki saba na elfu mbili, pamoja na heshima yangu kwa mama watoto, ambayo mpaka leo inarudi kwa mafungu.

Mdogo wangu alioa Februari mwaka juzi, hapa hapa Dar. Kamati ikapitisha rangi, ikapitisha ukumbi, ikapitisha kila kitu isipokuwa pesa ilipo, kisha mwenyekiti akatangaza kuwa maharusi watatanguliwa na vijana sita wadogo wenye suti zinazofanana. Sita! Wawili wangu, watatu wa dada yangu, na mmoja mtoto wa mwenyekiti mwenyewe, ambaye hana undugu na mtu yeyote pale ila baba yake ndiye alikuwa ameshika maikrofoni. Nikasimama nikasema suti za watoto niachieni mimi. Sijui ni pepo gani lile. Nadhani ni bia za kikao.

Mama watoto aliniambia jambo moja tu usiku ule: wapime kwanza. Nikamjibu kifua mbele, "Watoto wangu nawajua." Jibu hilo huwa ananirudishia mpaka leo, hata tukiwa tunabishana kuhusu chumvi.

Muuzaji nilimpata mtandaoni. Picha zake safi kweli: mtoto amekunja mikono, vesti, yaani kile kizibao cha suti, imemkaa kama imechorwa mwilini, nywele zimelazwa, na sura ya meneja wa benki. Suti moja 75,000, kwa sita 450,000. Advansi 270,000, iliyobaki mzigo ukifika. Nikamuuliza saizi tunafanyaje, akanijibu kwa upole mno: "Bosi nitajie umri tu, sisi wazoefu." Nikamtajia: wawili wana miaka 7, wawili 5, wawili 4. Akanirushia emoji ya moto. Nikasema moyoni, huyu ni mtu makini.

Wiki tatu alizosema zikawa sita. Mzigo ukaingia Alhamisi jioni, harusi Jumamosi. Na hela iliyobaki nililipa kabla sijafungua furushi. Usinihukumu, bodaboda alikuwa getini anapiga honi.

Sasa sikiliza vizuri. Mwanangu wa kwanza alikuwa na sentimita 126, amefuata ukoo wa mama yake. Binamu yake, wamepishana kuzaliwa wiki mbili tu, alikuwa na 114. Sentimita kumi na mbili kati ya watoto wa umri mmoja, na wote wazima wa afya! Wote wawili walikuwa wameletewa suti ya namba 120. Mmoja akinyanyua mkono koti zima linapanda mpaka kidevuni. Mwenzake alionekana kama amerithi suti ya marehemu. Mtoto wa mwenyekiti, ambaye tuseme tu kwamba kwao chakula kipo, suruali iligoma kwenye mapaja, na tulipolazimisha ikatoa mlio ambao kila mshonaji anaujua.

Kumbe ile namba 120 ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Ndivyo ilivyo! China wanapanda kumi kumi, 100, 110, 120, 130. Nguo za Ulaya nyingi zinapanda sita sita, 104, 110, 116, 122. Za Uingereza na Marekani ndizo utakuta zimeandikwa miaka, na hapo napo kila kampuni ina mtoto wake wa miaka mitano kichwani. Nenda Karume ukachambue mitumba, okota fulana mbili zenye lebo ya miaka 4 mpaka 5 za kampuni tofauti, zipandanishe kifua kwa kifua. Moja itaizidi nyingine vidole viwili vitatu. Kwa hiyo huyo anayekuuliza umri anakaa huko aliko anabahatisha kuugeuza umri kuwa sentimita, wakati sentimita zenyewe unazo nyumbani, zimelala kwenye kochi zinaangalia katuni!

Hilo ndilo linaloniuma. Asingekuwa anajua ningemsamehe. Ila mtu anayeagiza China kila mwezi namba zile anazisoma kila siku. Aliniuliza umri kwa sababu umri hauna kesi. Ukimpa sentimita halafu nguo isikae, kosa ni lake. Ukimpa umri, kosa ni la mtoto. Na ndivyo alivyonijibu nilipompigia: kwanza "mbona wateja wengine hawalalamiki", pili "labda watoto wako wamezidi umri wao", tatu akaniblok. Nilibaki nimeshika simu, nimezungukwa na watoto sita wamevaa kama timu ya sarakasi iliyofilisika.

Saizi ilikuwa nusu tu ya msiba. Kitambaa poliesta, bitana poliesta, na wewe unalijua joto la Dar la Februari. Moshi Desemba nako usidanganywe na theluji ya kwenye kalenda, mjini pale kunawaka. Shati halikuwa shati, ni kipande cha kifua kilichoshonewa kwenye vesti, ukivua vesti mtoto mgongo wazi kama aproni ya mpishi. Na zipu ya suruali ilikuwa pambo! Haifunguki! Tumbo limefungwa kwa kikulabu ambacho hata mimi nilikifungua kwa meno. Mtoto wa miaka 4 aliyebanwa mkojo hana muda wa kusubiri baba yake ang'ate suruali. Matokeo yake yalionekana sebuleni kwangu Alhamisi saa mbili usiku, na suti moja ikaanza kufuliwa kabla ya harusi.

Fundi nilimwamsha usiku ule ule. Akacheka, akaniomba radhi, akaendelea kucheka. Akanionyesha ndani ya mishono: hakuna kitambaa cha akiba hata nusu sentimita, sasa utaongeza nini? Akahangaika mpaka usiku wa manane, makoti mawili yakafia mezani, akachukua 60,000 yake. Ila aliniazima futikamba. Hiyo ndiyo hela pekee katika hadithi hii nisiyoijutia.

Ijumaa asubuhi nikawapanga wote sita ukutani bila viatu nikawapima mmoja mmoja, nikaandika kwenye karatasi, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Winga, wale wanaopeleka wateja madukani kwa cha juu, akanidaka kabla sijavuka barabara. Akanifikisha duka moja, suruali ya kadeti 22,000. Nikajifanya nimepigiwa simu, nikazunguka, nikaingia duka lile lile peke yangu: 15,000. Nikatoa futikamba, nikapima kiuno cha kila suruali na urefu wa mguu kwa ndani, muuzaji ananiangalia kama mkaguzi wa viwango wa TBS. Kadeti za kaki 15,000, mashati meupe ya pamba 12,000, suspenda 5,000. Mara sita ni 192,000. Jumlisha na ya China na ya fundi uione hiyo laki saba na elfu mbili. Watoto wakatokelezea, wakapita mbele ya watu wanatembea kama binadamu, na mtoto wa mwenyekiti akacheza mpaka saa sita usiku bila kupasuka popote. Wajomba wananiuliza nimezitoa wapi suti nzuri hivi. Suti! Kadeti ya elfu kumi na tano.

Basi pima. Mengine yote kwenye uzi huu unaweza kuyasahau. Futikamba ya fundi haifiki hata elfu mbili. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, kitabu kigumu juu ya kichwa, weka alama kwa penseli: huo ndio urefu. Kifua kizungushie chini ya kwapa, akiwa anapumua kawaida, maana wa kwangu mdogo alijaza hewa ili aonekane na misuli. Kiuno pima kwenye kitovu, asilinyonye tumbo. Mguu pima kwa ndani, kutoka msambani mpaka kwenye kifundo. Bega mpaka bega kwa nyuma. Ukimaliza chukua shati analolivaa sasa likamkaa vizuri, lilaze mezani, lipime nalo, kisha mwombe huyo dada wa mtandaoni vipimo vya nguo yenyewe ikiwa imelazwa mezani na futikamba inaonekana kwenye picha. Siyo picha ya yule mtoto meneja wa benki, nguo yenyewe. Akishindwa, au akirudi tena kwenye umri, umeshajua unaongea na nani.

Mkuu uliyeandika hapo juu "chukua kubwa tu, mtoto anakua", wewe ndiye nilikuwa nakutafuta. Mtoto wa umri huo anaongeza kama sentimita 5 mpaka 7 kwa mwaka. Saizi moja ya China ni sentimita 10. Yaani unamwambia dada wa watu mtoto avae mabega ya mjomba leo ili suti imkae mwaka na nusu baadaye, harusi ikiwa imeshapita na maharusi wana mtoto wao. Kwa fulana ya kuchezea sawa. Kwa nguo ya siku moja, hapana. Tafuta suruali yenye ule mpira wa ndani wenye vitundu unaokazwa kwa kifungo ubavuni. Hiyo ndiyo nafasi ya kukua, inatosha.

Na wewe dada mleta uzi, ulichosema kwamba maduka hayana nguo za wavulana ni kweli, watoto wa kiume tumewaonea. Unaingia dukani gauni zimejaa kuta tatu, unauliza za wavulana unaonyeshwa kona yenye Spider-Man na jinzi iliyochanwa makusudi, na fulana zenye Kiingereza ambacho ukikisoma kwa sauti mbele ya mchungaji inabidi uungame. Ndiyo maana tunakimbilia picha za China. Mimi siku hizi nachambua Karume asubuhi wakati belo zinapasuliwa, mashati ya pamba na ya kitani yanapatikana mazuri sana kwa hela ndogo, vipimo vya wanangu viko kwenye simu na futikamba iko mfukoni. Ukitilia shaka kitambaa, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo, uchome ukiwa nyumbani: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Usichomee dukani. Mimi nilichomea dukani, tuliishia kuongea kwa sauti.

Rangi? Yoyote ambayo mchuzi wa biriani hauonekani. Huyo wa miaka 2 mvishe pamba na akiba ya pili kwenye mkoba, hatakumbuka alivaa nini. Viatu nitarudi kukujibu, hilo nalo lina kesi yake.

Na kabla sijasahau, juu ya kabati langu kuna vesti nne na makoti mawili, hayajavaliwa zaidi ya robo saa. Natoa kwa 10,000 kila kimoja. Anayetaka aje na mtoto wake, nitampima mwenyewe mlangoni.