Kadi ya Pointi ya Supamaketi: Je, Nimeuza Siri za Nyumba Yangu?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah. Sheikh, mimi ni mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Kondoa, kwa sasa tunaishi Kisasa hapa Dodoma. Supamaketi ninayonunua ilinipa kadi ya pointi bure. Nilijaza fomu: jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, na idadi ya watu tunaoishi nyumbani. Kila shilingi 1,000 napata pointi moja, na pointi moja ina thamani ya shilingi 10. Majuzi ikaingia meseji ya ofa ya pempasi za watu wazima, mwanangu akaisoma kwa sauti mbele ya wageni. Ni kweli huwa nazinunua, kwa ajili ya mama mkwe ambaye ni mgonjwa. Mama aliona haya sana. Mume wangu amekasirika, anasema nimeuza siri za nyumba kwa pointi, na kwamba duka lile linafanya upelelezi uliokatazwa na Qur'ani. Rafiki yangu ananishauri nijisajili upya kwa jina la uongo. Tena ofisini kwetu Mtumba mimi ndiye ninayenunua sukari, majani ya chai na maji, na pointi zake zinaingia kwenye kadi yangu. Nifanye nini, na pointi nilizokwisha kukusanya ni halali?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa, na akulipe wewe kwa kumuuguza.

Nianze na lililo jepesi. Pointi zenyewe asili yake ni halali. Si riba, kwa kuwa hukumkopesha mtu kitu ukangoja nyongeza. Ni punguzo ambalo muuzaji ameahidi kwa hiari yake. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), katika kikao chake cha Makka mwaka 2006, lilikataza kadi za punguzo ambazo mtu hulipia ili azipate, kwa sababu analipa fedha taslimu bila kujua atapata nini, na likaruhusu zile zinazotolewa bure. Yako ni ya bure. Wako wanaobeba katoni ya juisi wasiyoihitaji ili pointi zitimie kabla muda wake haujaisha, na hao waisome aya ya 27 ya Suratul Israa kuhusu wabadhirifu. Wewe hukuuliza hilo, napita.

Mume wako ametaja aya ya 12 ya Suratul Hujuraat, Mwenyezi Mungu anaposema: "Wala msipelelezane." Mimi naungana na hasira yake kuliko ninavyoungana na dalili yake. Upelelezi uliokatazwa ni kuifuatilia aibu ya mtu aliyoificha. Muuzaji kujua umenunua nini si upelelezi. Umeleta bidhaa mwenyewe kaunta, keshia kaiona. Hata Mangi wa mtaani kwenu anajua nyumba ipi inapika wali kila siku na ipi inakopa unga wa sembe, na anaandika kwenye daftari. Lakini daftari la Mangi linaandika deni, jambo ambalo aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha tuliandike, na ukilipa mstari unakatwa. Kadi inaandika baada ya wewe kulipa kila kitu, na mstari haukatwi.

Hapo ndipo penye uzito. Tesco ya Uingereza ilipoanzisha Clubcard mwaka 1995, punguzo lilikuwa upande mmoja tu wa biashara. Upande wa pili ulikuwa kuchambua manunuzi ili kila nyumba ipelekewe ofa zinazoihusu. Kadi nyingi za leo zimefuata njia hiyo. Kompyuta inaunganisha jina lako na kila risiti, kisha inakisia ambalo hukulisema: kuna mgonjwa humu, kuna mtoto mchanga anakuja. Kununua pempasi umenunua hadharani. Kwamba mama mkwe wako hajiwezi, hukumwambia mtu. Duka likiacha kuhifadhi ulichokipeleka mwenyewe, likaanza kuchimbua usichokisema, limesogea karibu sana na kile alichokataza Mola wetu, hata kama anayechimbua ni mashine. Sahl bin Saad (radhi za Allah ziwe juu yake) amepokea kwamba mtu alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (rehema na amani zimshukie), naye akakemewa vikali, akaambiwa kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mlango ulikuwa umefungwa, na tundu kuwepo halikumpa ruhusa.

"Lakini si niliridhia? Nilijaza fomu." Aya ya 29 ya Suratun Nisaa inataka kuridhiana, na kuridhia kunahitaji kujua. Ulijua kwamba watakuhesabia pointi. Je, ulijua kwamba watakisia magonjwa ya nyumba yako na kukutumia meseji kwa kukisia huko? Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii ni wakali sana katika gharari, yaani muamala ambao mtu hajui anatoa nini. Sisemi kadi hii ni mauziano batili, kwa sababu mabuku ya zamani hayakuihesabu habari ya mtu kuwa ni mali inayouzwa. Nasema ridhaa yako ilikuwa nusu, na duka lenye kumcha Mungu lingekueleza nusu iliyobaki kwa Kiswahili, si kwa herufi ndogo za Kiingereza nyuma ya fomu.

Sasa nije kwako, maana duka halikuniandikia, umeniandikia wewe. Kama mambo yanayoandikwa kwenye kadi yangekuwa yako peke yako, ningekuambia chagua mwenyewe: mtu ana haki ya kusamehe kidogo katika faragha yake kama anavyosamehe kidogo katika mali yake. Ila manunuzi ya nyumba hayamhusu anayeyabeba tu. Humo mna dawa ya mume, maradhi ya mama, mambo ya mabinti wanaobaleghe. Hao hawakujaza fomu yoyote. Mwenyezi Mungu amewasifu wanawake wema, katika aya ya 34 ya Suratun Nisaa, kwamba wanahifadhi yale ya ghaibu, na wanazuoni wamefasiri kuwa ni pamoja na heshima ya nyumba na mali ya mume asipokuwepo. (Na mume naye, nisisikie akijitoa, siri ya mke kwake ni amana vilevile.) Siri ya mwingine huna ruhusa ya kuitoa kwa punguzo, liwe dogo au kubwa. Nawe piga hesabu: nyumba inayonunua vitu vya shilingi 250,000 kwa mwezi inarudishiwa shilingi 2,500, hata kilo ya sukari haijatimia.

Kwa hiyo hukufanya haramu kuchukua kadi, na hukukusudia kumfedhehesha mama. Mume wako asikuite muuza siri. Lakini tangu siku ya ile meseji umeshajua, na aliyejua hukumu yake si sawa na asiyejua. Vitu vya mgonjwa, dawa, na vyote ambavyo mwenyewe angeona haya vikitajwa, vilipie pembeni bila kutoa kadi. Mchele, mafuta ya alizeti na sabuni, ukitaka pointi zake chukua. Mume akishikilia kwamba hata hayo hataki, msikilize, kwani nyumba ni yake pia, na Uislamu haujawahi kumfanya mtu agombane na mumewe kwa shilingi 2,500. Na mama muombe radhi wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Kisha nenda kwa duka udai. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Una haki ya kuuliza wanahifadhi nini juu yako na wanakitumiaje, na una haki ya kuwazuia wasikitumie kukutangazia biashara. Waandikie barua au barua pepe, ubaki na nakala. Kudai haki yako kwa sheria si ugomvi. Mtume (rehema na amani zimshukie) alimtetea mwenye haki aliyemdai yeye mwenyewe kwa ukali, akasema mwenye haki ana kauli.

Jina la uongo, hapana. Uongo haugeuki halali kwa sababu anayedanganywa ni supamaketi. Unalo jina lingine la kweli: wewe ni Mama Fulani, mtaa mzima unakujua kwa jina la mwanao wa kwanza, na Waarabu walijuana kwa kuniya, yaani kuitwa baba au mama wa fulani. Wakiridhika na hilo, andika hilo. Tarehe ya kuzaliwa na idadi ya watu wa nyumbani acha wazi. Wakisema bila hayo hakuna kadi, basi rudisha kadi.

Limebaki la ofisini, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko pempasi. Mtume (rehema na amani zimshukie) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akasema: hii yenu, na hii nimepewa zawadi. Akapanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi hiyo. Imepokewa na Abu Humayd as-Saaidi katika Bukhari na Muslim. Sukari ile imenunuliwa kwa fedha ya ofisi, na pointi zimezaliwa na fedha hiyo. Pointi za manunuzi ya nyumbani kwako zitumie bila wasiwasi. Za ofisi zitafute kwenye risiti, ukishindwa kisia kwa kuzidisha usipunguze, umweleze mkuu wako. Ikiwa utaratibu wa ofisi unamruhusu kukuachia na akakuachia, ni zako. Vinginevyo zinunulie majani ya chai ya ofisi, na kuanzia sasa keshia akiuliza kadi kwenye manunuzi ya ofisi, mwambie huna.

Wallahu aalam.