Maswali yenu kuhusu DPT: kibali cha chuo kwanza, ada baadaye

Barua nyingi safari hii ni za wanaotaka kusoma fiziotherapia Marekani kwa ngazi ya shahada ya udaktari (si udaktari wa tiba), yaani DPT.

Nimepata chuo kinachotoa DPT kwa mtandao, miaka miwili tu. Wanataka nilipie nafasi wiki hii. Nilipe? (Mwanza)

Usilipe bado. Ingia tovuti ya CAPTE, chombo kinachotambua vyuo vya fiziotherapia Marekani, utafute jina la chuo hicho. Nimeshaliandika hili mara nyingi, na bado watu wanalipa kwanza ndipo wanauliza. Chuo cha Marekani kisipotambuliwa na CAPTE, hutaruhusiwa kufanya NPTE, mtihani wa leseni, na bila leseni humshiki mgonjwa katika jimbo lolote. Wengine watakwambia kibali "kiko njiani". Kikikosekana kabla hujahitimu, hasara ni yako.

Kozi ya kawaida ni miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Zipo fupi zinazotambuliwa, zenye masomo ya mtandaoni, lakini hata hizo zinakuita chuoni kwa vitendo, na mafunzo ya hospitali hayakwepeki.

Nikimaliza nitaitwa daktari? (Nakuru)

Shahada yako itakuwa ya udaktari wa fiziotherapia. Mbele ya mgonjwa jitambulishe kwa kazi yako, asidhani wewe ndiye utakayemwandikia dawa.

Nina shahada ya fiziotherapia ya Moshi na leseni ya Tanzania. Lazima nianze DPT upya? (Dar es Salaam)

Si lazima, na nakusihi usikimbilie huko. Tangu 2016 CAPTE inataka kila chuo inachokitambua kitoe DPT, na wengi wamedhani sharti hilo linamhusu kila aliyesoma nje. Linahusu vyuo. Wewe utapita njia ya tathmini: shirika kama FCCPT hulinganisha masomo yako na saa zako za vitendo na kiwango cha Marekani. Palipopungua unajazia kwa kozi mojamoja. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza, halafu NPTE. Alama ya kufaulu ni 600 kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na maisha yako yote unaruhusiwa kuufanya mara sita tu, kwa hiyo usiende kujaribu bahati.

Chagua jimbo mapema, maana kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Na kabla hujapanda ndege, chukua silabasi za kila somo zenye mhuri wa chuo.

Mwanangu ameacha mpango wa udaktari anataka fiziotherapia. Miaka saba ya chuo ili akachue watu misuli? (Mama, Columbus, Ohio)

Shikamoo mama. Kauli hii inaniumiza, na naisikia kwa wazazi wengi. Mgonjwa wa kiharusi akishaokolewa na madaktari, nani atamfundisha upya kuketi, kusimama, kupanda ngazi za nyumbani kwake? Mwanao atasoma anatomia, mishipa ya fahamu, moyo na mapafu, kisha afanye kazi na wagonjwa chini ya uangalizi kwa wiki zisizopungua 30. Majimbo yote sasa yanamruhusu mgonjwa kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia bila barua ya daktari, ingawa kwa mipaka inayotofautiana. Maana yake huenda mwanao akawa wa kwanza kumwona mtu ambaye maumivu yake ya mgongo ni saratani, au ambaye uvimbe wa mguu wake ni damu iliyoganda. Akikosea hapo, mtu anakufa.

Kama una wasiwasi mama, uelekeze kwenye deni. Mwulize atakopa kiasi gani.

Ada ni kiasi gani, na mkopo nitapata? (Houston)

Chuo binafsi kuzidi dola 100,000 kwa kozi nzima ni jambo la kawaida, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Chuo cha umma cha jimbo unaloishi huwa nafuu zaidi. Mshahara wa kati wa kazi hii uko karibu dola 100,000 kwa mwaka kabla ya makato, kwa hiyo deni la laki mbili litakukaba miaka mingi. Mkopo wa Grad PLUS, wa serikali kuu kwa wanaosoma shahada za juu, uliokuwa ukiziba pengo lote la gharama, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mikopo iliyobaki ya serikali kuu ina kikomo. Uliza ofisi ya mikopo ya chuo, wakujibu kwa maandishi. Mwenye visa ya mwanafunzi hapati mkopo wa serikali kuu. Ukienda benki watataka mdhamini, na hapo ndipo ndugu wanapogombana. Usimpe shemeji yako karatasi asaini ukumbini kwenye harusi. Akae aisome.

Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Saa zangu zinahesabika kama za kushuhudia fiziotherapia ambazo vyuo vinadai? (Minneapolis)

Kwa vyuo vingi, hapana. Wanataka saa ulizokaa na mtaalamu wa fiziotherapia mwenye leseni, naye azithibitishe. Kama kazini kwenu kuna kitengo cha fiziotherapia, mwombe mtaalamu mmoja umfuate siku zako za mapumziko. Vyuo vingine havidai saa hizo kabisa. Masharti ya kila chuo yako kwenye PTCAS, mfumo wa maombi. Yasome kabla hujaniandikia tena.