Kiwanja kilikuwa sheli? Kipimwe kwanza: maswali yenu na majibu

Tangu nilipoandika habari za visima, maswali mengi yaliyokuja ni ya viwanja vilivyokuwa sheli zamani na sasa watu wanataka kujenga, flati, frem za maduka, hata skuli. Nimeyafupisha, haya twende.

*Nimepata kiwanja mjini, pampu zishang'olewa zamani na udongo nimeunusa, hauna harufu. Kuna haja gani ya kuupima kama una mafuta?*

Haja ipo tena kubwa ndugu yangu. Pampu ndo zinazoonekana lakini tatizo liko kwenye tangi lililofukiwa na mabomba yanayotoka pale kwenda kwenye pampu, na ya zamani mengi ni ya chuma, na chuma kwenye ardhi yenye unyevu na chumvi kama yetu ya hapa Zanzibar hakidumu, kinaliwa taratibu, tundu dogo tu linatosha mafuta yadondoke mwaka baada ya mwaka bila mtu kujua. Harufu isikudanganye, ya juu inapeperuka na jua, ya chini mita mbili tatu inabaki. Kabla hujamwita mtu wa kuchimba anza kuuliza, mtafute mzee aliyekuwa akifanya kazi pale, akwambie tangi lilikuwa wapi, lilitolewa au liliachwa humo humo, lori likimwaga mafuta upande gani, palikuwa na shimo la kubadilishia oili au hapana. Mzee akikuonesha kwa fimbo kwamba mdomo wa tangi ulikuwa hapa, kashakuokolea pesa nyingi, maana ukichimba pasipo utapata udongo safi na uchafu uko hatua nne pembeni.

*Hao wapimaji wanafanya nini hasa? Wa kwangu alikuja na koleo, akachota udongo wa juu akatia kwenye mfuko wa nailoni akaondoka.*

Huyo mrudishe. Petroli ina vitu vinavyoruka haraka, cha kuogopwa zaidi ni benzini ambayo inajulikana kabisa kuwa inasababisha saratani, na kwenye mfuko wa nailoni itakuwa ishatoka kabla hajafika maabara, halafu unaletewa karatasi imeandikwa safi. Inavyotakiwa ni hivi: anachimba kwa mashine au kekee ya mkono mpaka chini ya usawa wa tangi lilipokaa, na chini ya maungio ya mabomba, na pale zilipokuwa pampu. Kila kipande cha udongo kinachotoka anakipima pale pale kwa kimashine kinachonusa mvuke, panapopanda namba ndo anapochukua sampuli. Sampuli ya maji inatiwa kwenye kichupa cha kioo mpaka juu kabisa, kifuniko kikifungwa ukikipindua usione hata povu moja la hewa ndani, kisha kwenye boksi la barafu siku ile ile. Na kekee ioshwe kutoka shimo hadi shimo, la sivyo unabeba uchafu wa hapa unautia kule. Mwambie pia apimishe petroli, dizeli na oili, asipime kimoja akasema kamaliza.

*Mimi ni jirani tu. Kisima chetu kimeanza kuwa na utando wa rangi rangi juu. Mama anasema tuyachemshe.*

Msiyachemshe, nawaomba sana. Kuchemsha kunaua vijidudu, benzini haifi, inageuka mvuke mnaivuta jikoni. Klorini nayo haisaidii hapa. Kwanza chota kwenye ndoo, guseni ule utando kwa kijiti: ukivunjika vipande vipande kama ganda na visirudiane, mara nyingi ni bakteria wa kutu, ukitawanyika kisha ukarudi kuungana, hayo yaelekea kuwa mafuta. Ikiwa ni mafuta au mnasikia harufu, acheni kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea mpaka yapimwe, mwambieni sheha (kiongozi wa shehia yenu) na watu wa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Na hata bila utando msijiaminishe, kwa sababu kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha benzini kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja tu inatosha kuyafikisha hapo matangi kumi ya lita 10,000 kila moja. Jicho haliwezi kuona kitu hicho.

Hili ndo linaloniuma zaidi katika habari yote hii. Maji ya Unguja karibu yote tunayatoa chini ya ardhi, na sehemu nyingi chini yetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, kinachomwagika hapa hakikai hapa. Kwa hio mwenye kiwanja akipima udongo wake tu akaacha maji, hajapima.

*Kontrakta anasema tumwage zege juu, biashara imeisha.*

Haijaisha. Mvuke unapanda kupitia nyufa na pale mabomba ya maji na choo yanapotoboa sakafu, unakusanyika ndani. Na akichimba msingi atauza kile kifusi, mtu mwengine akajazie kiwanja chake. Tangi likikutwa lisikatwe kwa moto hata kama ni tupu, tupu lenye mvuke linaripuka vibaya kuliko lililojaa.

*Sisi Pemba sheli yetu ilifungwa miaka ya 90, tunataka kuweka skuli ya watoto wadogo. Si yashakauka?*

Petroli huenda imepungua, lakini enzi zile ilikuwa inatiwa risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki), petroli ya namna hio nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimeiacha kabisa mwanzoni mwa 2006. Risasi hairuki wala haiozi, na mtoto anatia mkono wenye mchanga mdomoni, inamharibu akili. Ongezeni kipimo cha risasi cha udongo wa juu, kwenu nyinyi hicho ndo cha mwanzo.

*Niende ofisi gani?*

ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, wapo kwa Sheria Namba 3 ya 2015, na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma, kwa mambo ya mafuta. Gharama ya kusafisha iandikwe kwenye mkataba kabla hujalipa.

*Tukikuta pachafu ndo basi tena?*

Si lazima. Udongo mchafu unaweza kutolewa ukatibiwa, mvuke ukanyonywa, maji yakavutwa na kusafishwa, au pakafanywa maegesho ya gari badala ya nyumba. Ila visima vidogo vilivyochimbwa kupimia maji ya chini msivifukie haraka, pimeni tena baada ya masika, maji yakipanda yanaamsha mafuta yaliyokuwa yamenasa kwenye udongo juu yake wakati wa kiangazi.