Deki moja ya CD, mashine tatu: nyaya ziende wapi?

SWALI: Fundi, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kakamega. Nina deki ya CD ya zamani ambayo nyuma ina matundu mawili tu ya sauti, jekundu na jeupe, na kitundu cha mraba chenye kifuniko ambacho ukikifungua unaona mwanga mwekundu. Nataka ilishe amplifaya ya sebuleni, sabufa iliyoko jikoni mita 8 hivi kutoka hapo, na kompyuta ya mjukuu ili nihifadhi CD zangu za benga na rumba. Kijana wa dukani aliniuzia vigawanyi vya waya, nikaunganisha vyote. Sasa spika zinanguruma hata kabla sijabonyeza kitufe cha kucheza. Je, nitaunguza deki?

JIBU: Sijambo, Mwalimu. Deki haiungui, toa hofu. Matundu yale mekundu na meupe hutoa takriban volti 2 muziki ukiwa umefika kileleni, na mkondo unaopita ni mdogo mno. Amplifaya haiunywi mkondo huo, huuonja tu: ukinzani wa tundu lake la kuingizia huwa kama omu 10,000 hadi 50,000, ilhali ule wa deki ni omu mia chache, ukizidi sana 1,000. Kwa hiyo tundu moja la kutolea sauti laweza kulisha mashine mbili kwa kigawanyi cha kawaida, na kinachopotea ni kidogo hata sikio la mwalimu wa muziki halitakishika.

Kosa liko upande wa pili. Ipo siku utaleta mashine ya kaseti, uone kigawanyi kile kile ukikigeuza kitaunganisha deki na kaseti kuingia tundu moja la amplifaya. Usithubutu. Kila mashine itakuwa inasukuma sauti ndani ya mwenzake, mfano wa maksai wawili waliofungwa nira moja huku kila mmoja ana njia yake. Sauti inafifia, inakwaruza, na hapo ndipo unapoweza kweli kuchosha saketi za kutolea. Kila mashine ipewe tundu lake la kuingizia, kisha uchague kwa swichi ya amplifaya.

Sasa geuza amplifaya yako uitazame mgongoni. Zile za enzi za kaseti nyingi zina jozi ya matundu iliyoandikwa TAPE OUT au REC OUT. Yalikusudiwa kurekodia, lakini ndiyo njia nzuri zaidi ya kupeleka sauti jikoni. Hutoa chochote ulichochagua sebuleni, iwe CD au redio, na kwa kawaida hayaguswi na kitufe cha sauti. Ukipunguza sebuleni wageni wakija, jikoni kunaendelea vile vile. Kigawanyi kingekupa CD peke yake. Jihadhari tu usichomeke deki kwenye tundu la PHONO. Hilo ni la santuri, ambayo sindano yake hutoa milivolti chache tu. Sauti ya deki ikiingia humo hukuzwa kupita kiasi na besi kuongezwa juu yake, utadhani spika zimepasuka.

Mita 8 si mbali. Nunua waya mmoja mrefu wenye ngao ya nyuzi za shaba ndani, badala ya vipande vitatu vilivyoungwa, na usiulaze sambamba na waya wa umeme. Lazima zikutane? Zipishane kama msalaba.

Ngurumo yako nina karibu uhakika inatoka kwenye kompyuta. Chaja yenye pini tatu huifunga kompyuta kwenye ardhi ya nyumba, yaani ule waya wa usalama unaoshuka hadi udongoni. Amplifaya au sabufa nayo ikiwa na pini ya ardhi, katika soketi nyingine, nyaya zako za sauti zinageuka kuwa daraja kati ya ardhi hizo mbili. Mkondo mdogo unazunguka humo kwa hezi 50, masafa ya umeme wetu, nawe unausikia kama nyuki ndani ya mzinga. Jaribu hivi: chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Ngurumo ikikatika, mwizi umempata. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ikibaki, kuna vijisanduku vya kutenganisha ardhi vinavyokaa katikati ya waya wa sauti.

Usimruhusu yeyote akate pini ya ardhi ya plagi. Nimeletewa hapa Kibuye amplifaya iliyofanyiwa hivyo: ngurumo ilikwisha kweli, na bodi lake la chuma likawa linamtekenya umeme kila anayeligusa. Ile pini ndiyo inayokulinda siku waya wa ndani ukilegea.

Na kwa nini kompyuta imeunganishwa hata kidogo? Hapa ndipo kijana wa dukani alikuuzia waya usiohitaji. Muziki ulio kwenye CD tayari ni namba, vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Ukiupitisha kwenye waya mwekundu na mweupe unageuzwa kuwa umeme, kisha kompyuta inaugeuza tena namba, kwa kitundu cha maikrofoni ambacho hakikuumbwa kupokea volti 2. Mwambie mjukuu atafute kiendeshi cha CD cha nje kinachochomekwa kwa USB. Kitanakili CD nzima kwa dakika chache, namba kwa namba, bila ngurumo wala mkwaruzo. Waya wa kurekodia uweke kwa ajili ya kaseti na santuri.

Ukianza upya, zima kila kitu, unganisha deki na amplifaya peke yake, usikilize. Pakitulia, ongeza ya jikoni. Ikiwa sebuleni kutakwaruza kila sabufa inapozimwa, iache ikiwa imewashwa, kwani mashine nyingine zikizimwa hukandamiza sauti inayopita mlangoni pao. Na kwa kuwa uko Kakamega, ambako radi haina adabu, wingu likikaza chomoa plagi zote pamoja na antena. Mashine zilizofungamana kwa nyaya huungua pamoja.

Kile kitundu chenye mwanga hupitisha sauti kwa nuru, na kinafanya kazi sambamba na yale mawili. Kinafaa mashine yenye mlango wa kuingizia wa aina hiyo hiyo. Wa televisheni nyingi ni wa kutolea, kwa hiyo huko usihangaike. Kirudishie kifuniko, vumbi lisiingie.