Mbona huonekani kwenye ramani ya APRS?

Kuna msomaji kanitumia meseji juzi, yuko Dodoma, kanunua redio ya mkononi na traka ya APRS, ule mfumo wa redio za ridhaa wa kurusha mahali ulipo na taarifa fupi, leseni ya TCRA anayo, kaweka 144.800 MHz, anazunguka mji mzima halafu akifungua ramani ya aprs.fi hajioni. Anauliza airudishe dukani? Usirudishe ndugu yangu. Redio yawezekana inapiga vizuri tu, ila hakuna aliyekusikia.

Ile ramani haiongei na traka yako kabisa. Traka inasoma GPS, inageuza mahali ulipo kuwa milio, kasi yake bodi 1200, inarusha hewani basi. Lazima pawe na aigeti, yaani stesheni inayosikiliza redio na kumwaga inachosikia kwenye intaneti, ndo ramani inapata kitu cha kuchora. Wenzetu Marekani kwenye 144.390, na Ulaya pia, wana aigeti na dijipita, yaani stesheni zinazorudia hewani zilichosikia, kila kona. Huku kwetu ukitaka kuonekana jenga ya kwako, usisubiri serikali.

Mi nilijenga, hapa Morogoro. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kidude cha SDR cha kuchomeka USB kinachopokea redio, programu ya Direwolf ya kusoma milio, ambayo ni bure, antena juu ya bati. Shemeji yangu akawa anakaa chini ya mwembe ananicheka, "si utume tu lokesheni kwa WhatsApp?", akarudia siku ya Idi mbele ya wageni wakacheka wote, na mpaka leo inaniuma kusema kweli. Sasa hivi majuzi tukapanda Uluguru mimi na yeye, kule juu mtandao wa simu ukakata, yeye ananyanyua simu huku na huku kama anatafuta mwezi wa Ramadhani, mi redio iko kiunoni inalia tu kila baada ya muda. Tumerudi jioni mke wangu akamwonyesha nukta zetu zote kwenye ramani, tulipopita na tulipopumzika. Mi nikala wali wangu kimya.

Kwa hiyo jamani acheni kukata tamaa. Angalieni kwanza sauti ya traka kuingia redioni, wengi wanaifungulia mno, milio inakwaruza na hakuna kompyuta itakayoisoma. Njia, yaani maelezo ya dijipita zipi zikurudie, weka WIDE1-1,WIDE2-1 inatosha, ukirundika WIDE nyingi unaziba hewa ya wenzio maana wote tuko frikwensi moja. Gari weka -9 mwisho wa kolisaini, yaani jina lako la hewani, redio ya mkononi -7. Stesheni ya nyumbani haina haja ya kupiga kelele kila dakika, nyumba haihami! Na kama huna jirani kabisa, kituo cha anga cha ISS kinapita juu yako, 145.825, njia andika ARISS, dijipita yao ikiwa imewashwa utasikia paketi yako, yaani ujumbe uliorusha, inarudi na jina RS0ISS. Siku yangu ya kwanza nilipiga kelele majirani wakatoka nje.

Halafu hii tabia ya kujitazama kwenye ramani tu. Marehemu Bob Bruninga, WB4APR, aliyeianzisha APRS, mwalimu wa Chuo cha Jeshi la Majini Marekani kule Annapolis, alifariki 2022, miaka mingi alikuwa analalamika watu wameigeuza ya kufuatilia magari peke yake. Ina meseji, ina hali ya hewa, ina telemetria, yaani vipimo vya vyombo vyako kutoka mbali! Betri yangu ya sola naiona nikiwa kazini. Paketi moja inabeba namba tano, kila moja 0 mpaka 255, na swichi nane za ndiyo au hapana. Yangu inatuma 210, kwenye EQNS, ujumbe wa hesabu ya kugeuza namba, nimeandika zidisha kwa 0.06, inasomeka volti 12.6. PARM ndo ujumbe wa jina, UNIT ndo wa kipimo, hizi tatu tuma mara chache tu kwa siku. Ila usiache kutuma, kuna watu ukifungua grafu zao unakuta betri ya pikipiki ina volti 210.